UZI: Karlu Karlu na mji wa Tennant Creek, mawe ya mviringo katikati ya nyika ya Australia

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Wanaouliza humu kuhusu kuitembelea Australia ya ndani karibu wote hutaja Uluru, na si vibaya, kwa kuwa mwamba ule ndio unaochapishwa kwenye kalenda. Mimi ninataka kuwapeleka kaskazini zaidi, kwenye mawe ya Karlu Karlu, ambayo watu wengi bado huyaita Devils Marbles, na kwenye mji wa Tennant Creek unaoyahudumia, ikiwa mji ulio umbali wa kilomita 105 unaweza kusemwa kuwa unahudumia kitu. Kwa upande wa kusini, mji mkubwa unaofuata ni Alice Springs, kilomita 393 kutoka kwenye mawe hayo. Katikati yake kuna barabara moja ya lami, Stuart Highway, vituo vya mafuta vya kuhesabika, na nyasi za spinifex zinazomchoma miguu kila aliyevaa kaptura.

Nimezaliwa Mwanza, kwa hiyo mawe makubwa yaliyobebana hayanishangazi kirahisi. Hata hivyo, Mwanza mawe hushindania macho ya mtazamaji pamoja na ziwa, nyumba za mlimani, miembe na kelele za daladala, ilhali Karlu Karlu hayana mshindani. Nchi imelala tambarare hadi upeo wa macho, mara mbele yako yanainuka mamia ya mawe mekundu, mengine yasiyozidi nusu mita, mengine yanayokaribia mita sita, yakiwa yamekaa juu ya mwamba kwa sehemu ndogo sana ya kugusana, hivi kwamba mgeni wa kwanza hujiuliza ni nani aliyeyapanga na kwa nini hayajaanguka.

Hayakupangwa na mtu, wala hayakuviringishwa na mto. Wanajiolojia wanaeleza kwamba takribani miaka milioni 1,700 iliyopita uji wa mawe ya moto ulipanda kutoka chini ya ardhi na kupoa polepole ukiwa bado umefunikwa na tabaka nene la mawe ya mchanga, ukawa graniti. Tabaka la juu lilipomomonyoka kwa zama ndefu, uzito uliokuwa ukiikandamiza graniti ulipungua, nayo ikatanuka na kupasuka kwa nyufa zilizokatana, nyingine zikiwa wima na nyingine zikiwa mlalo, hata mwamba mmoja ukagawanyika kuwa mapande yenye pembe nne. Maji yakaingia katika nyufa hizo. Pembe na kingo, kwa kuwa hushambuliwa na maji kutoka pande mbili au tatu kwa pamoja, ndizo zilizooza kwanza, na kwa namna hiyo kila pande likaanza kuviringika lingali chini ya udongo. Udongo uliolegea ulipochukuliwa na mvua na upepo, mioyo migumu ya mapande hayo ikabaki wazi juani. Kazi haijaisha hata leo, kwa sababu ngozi ya jiwe huendelea kubanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, na baadhi ya mawe yamepasuka katikati yakasimama nusu kwa nusu, kila nusu ikiikabili nyenzake.

Wekundu wake ni wa juu juu tu. Ni kutu ya madini ya chuma iliyotanda usoni. Mahali palipobanduka karibuni utaona kijivu cha graniti yenyewe.

Mawe ya Mwanza yalizaliwa kwa mwendo unaofanana na huo, pamoja na vile vilima vya mawe vya Moru katika Serengeti, ingawa graniti yetu ni kongwe zaidi, kwa maana ardhi ya kale ya Tanzania ina umri unaopita miaka milioni 2,500. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa nimechoka kusikia watu wetu wakisafiri maelfu ya kilomita kustaajabia mawe ya wenzao bila kujua kwamba yale wanayoanikia nguo nyumbani ni kaka zao wakubwa.

Sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo hasa iliyonifanya nifungue uzi huu, ninaiandika hapa chini.

#2 Mwanzisha uzi

Karlu Karlu ina wenyewe. Ni mahali patakatifu pa Wawarumungu, Wakaytetye, Waalyawarra na Wawarlpiri, jamii za Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, na nchi za jamii hizo zinakutana katika eneo hilo. Serikali ililitangaza kuwa hifadhi mwaka 1961 bila ardhi hiyo kuwa mikononi mwao kisheria. Dai la ardhi lilichukua miaka mingi, na ni mwezi Oktoba mwaka 2008 tu ambapo hati ya umiliki ilirejeshwa kwa wenyeji, nao wakaikodisha hifadhi kwa serikali ya Northern Territory, eneo la utawala lenye mawe hayo, kwa miaka 99, kwa sharti kwamba isimamiwe kwa ushirikiano. Kwa hiyo, unapoegesha gari pale, umeingia katika ardhi ya watu waliokukubalia kuingia.

Wenyeji wanaruhusu simulizi moja tu la mahali hapo lisimuliwe kwa wageni, na limeandikwa kwenye vibao vya hifadhi. Linamhusu Arrange, aliyepita katika nchi hiyo nyakati za uumbaji akisokota mkanda wa nywele, pambo ambalo huvaliwa na wanaume waliokwisha kutiwa jandoni. Vishungi vya nywele vilivyomdondoka vikageuka kuwa mawe makubwa. Alipokuwa akirudi kwake alitema mate, nayo yakawa mawe, kisha akarejea katika kilima alikotoka, na huko yuko hadi leo. Simulizi nyingine zipo, za kina zaidi, lakini hizo haziambiwi mtu ambaye hakupitishwa katika mafunzo yake. Kwetu sisi tuliokulia kwenye jamii zenye jando na unyago, jambo hili halihitaji maelezo marefu, na nimeona Waafrika wakilielewa upesi kuliko watalii wengine, ambao hukasirika kana kwamba wamenyimwa chenji.

Sasa kuna kisa cha jiwe lililosafirishwa, na ninaomba kila anayepanga safari akisome kabla ya kununua tiketi.

John Flynn alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, na ndiye aliyeasisi huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege kwenda kutibu watu wa mashamba na vijiji vya mbali, huduma iliyoanza mwaka 1928 katika mji wa Cloncurry, Queensland. Sura yake imo kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Alifariki mwaka 1951, majivu yake yakazikwa magharibi kidogo mwa Alice Springs, na waliotaka kumuenzi wakaamua kwamba kaburi lake litawazwe kwa jiwe la Karlu Karlu. Jiwe lilichukuliwa mapema katika miaka ya 1950 kwa lori, likasafirishwa karibu kilomita 400 kuelekea kusini, bila wenye mawe kuulizwa wala kuridhia. Kwa waliolichukua lilikuwa jiwe zuri miongoni mwa mamia ya mawe. Kwa Wawarumungu na Wakaytetye lilikuwa sehemu ya mahali patakatifu iliyong'olewa, tena ikawekwa katika nchi ya Waarrernte, wenyeji wa asili wa Alice Springs, ambao nao hawakuomba kuletewa kitu kitakatifu cha majirani zao.

Jiwe lilikaa pale zaidi ya miaka 40, na madai ya kulirudisha yalidumu miaka mingi. Upande mmoja kulikuwa na kaburi la mtu anayeheshimiwa taifa zima, ambaye hakuna aliyetaka kumdhalilisha. Upande mwingine kulikuwa na haki isiyofutika kwa sababu tu muda umepita. Ufumbuzi ulitoka kwa Waarrernte, waliokubali kutoa jiwe jingine kutoka nchi yao wenyewe liwekwe juu ya kaburi, na mwaka 1999 jiwe la Karlu Karlu likarudishwa kwao. Anayepita Alice Springs anaweza kulitembelea kaburi hilo na kuona jiwe la sasa, ambalo liko pale kwa idhini.

Ninadhani mtu akikijua kisa hiki, hatahitaji kibao cha kumwambia asitie kokoto mfukoni.

#3 Mchangiaji, Kisumu

Ahsante sana, mkuu, kwa maelezo haya. Yamenikumbusha Kit-Mikayi yetu, kwenye njia ya kwenda Bondo, ambako mawe makubwa yamebebana vivyo hivyo na watu bado huenda kusali na kufunga chini yake. Tofauti ni kwamba kule kwetu kijana mwenyeji atakushika mkono na kukupandisha hadi juu, na usipopanda atasema hujafika. Je, huko Karlu Karlu inaruhusiwa kupanda? Nimeona picha nyingi mtandaoni za watu waliosimama juu ya mawe, au wanaojifanya kuyasukuma. Vilevile, kuna masharti gani kuhusu picha?

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Kisumu, mfano wa Kit-Mikayi umekaa mahali pake, na unaonyesha kwamba utakatifu wa mawe hauna kanuni moja kwa watu wote: wenye Kit-Mikayi wanakupandisha, wenye Karlu Karlu wanakuomba usipande. Kila mahali fuata neno la wenyewe.

Wageni wanaombwa wabaki kwenye njia zilizowekwa na wasiparamie mawe. Zaidi ya ombi hilo, Northern Territory ina sheria ya mwaka 1989 inayolinda mahali patakatifu pa Waaborijini, na uharibifu wa mahali kama hapo ni kosa la jinai. Picha nyingi unazoziona za watu waliosimama juu ni za zamani, au ni za watu wasiosoma vibao. Kumbuka pia kwamba hata Uluru, iliyopandwa na watalii kwa miongo mingi, ilifungwa rasmi kwa wapandaji tarehe 26 Oktoba 2019, kwa hiyo mwelekeo wa nchi nzima unaeleweka.

Picha za kawaida za familia hazina tatizo. Anayepiga kwa ajili ya biashara anapaswa kuomba kibali mapema, na kibali si jambo la kuombea langoni, kwa kuwa lango lenyewe halina mtu.

Nisisitize jambo ambalo wasafiri wengi hulikosa. Mabasi ya watalii husimama pale mchana, watu wakashuka, wakapiga picha, wakapanda tena, wakaondoka wakisema wameona mawe. Saa za mchana ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu jua la utosini huondoa vivuli, na mawe yote huonekana bapa. Lala pale. Kuna kambi ndogo ndani ya hifadhi, upande wa mashariki wa mawe, na kuanzia saa kumi na moja jioni wekundu huanza kubadilika kila baada ya dakika chache hadi giza linapoingia. Alfajiri mabadiliko hayo huanza upya kutoka upande wa pili. Kambi inaunganishwa na eneo la kuegesha magari kwa njia fupi ya Mayijangu. Njia ya Nurrku ni ndefu zaidi na huwapeleka watembeao kwenye sehemu zisizofikiwa na wale wa mabasi. Ukitembea taratibu utaona viota vya udongo vya mbayuwayu vilivyobandikwa chini ya matumbo ya mawe, mahali ambapo mvua haifiki, na pengine kenge akijianika. Usiku dingo, mbwa mwitu wa Australia, hupita kambini wakitafuta mabaki, basi usiache chakula wala viatu nje ya hema.

#5 Mchangiaji, Dar es Salaam

Shikamoo, mkuu. Mimi nina swali kuhusu mji wenyewe. Nimesoma maoni ya wasafiri kadhaa wanaosema Tennant Creek hapana cha kuona, kwamba mtu ajaze mafuta na kuendelea na safari, na wengine wanasema kabisa kwamba si salama. Je, kuna sababu ya kulala mjini, au ni bora tupite moja kwa moja?

#6 Mwanzisha uzi

Marahaba, dada. (Nimekuita dada kwa kukisia, kama nimekosea utanisahihisha.)

Maoni hayo nimeyasoma pia, na ninayaona kuwa ya haraka. Tennant Creek ni mji wa watu wapatao 3,000, zaidi ya nusu yao wakiwa Waaborijini, na una umaskini, msongamano katika nyumba na matatizo ya ulevi ambayo yeyote mwenye macho atayaona barabarani. Kununua pombe ya kuondoka nayo kunahitaji kitambulisho, na kuna masharti ya siku na saa za mauzo. Usiku funga gari, usiache mizigo kwenye viti, na usizurure bila sababu, kama ambavyo ungefanya ukiwa ugenini popote. Lakini kuuruka mji kwa sababu hiyo, kisha kwenda kuyasifu mawe ambayo wenyewe wanaishi katika mji huohuo, kwangu ni jambo lisilo na adabu.

Anzia kituo cha Nyinkka Nyunyu, kilichofunguliwa mwaka 2003 pembeni mwa barabara kuu, karibu na mahali patakatifu pa Wawarumungu. Humo kuna kazi za sanaa na maelezo ya historia yao kwa maneno yao wenyewe, na mtu aliyepita hapo kwanza huyaona mawe kwa jicho jingine kabisa. Piga simu kabla ya kwenda, kwa maana saa za kufungua hubadilika kulingana na msimu.

Historia ya wageni nayo haikosi utamu. Mwaka 1872 laini ya telegrafu, yaani ya kupeleka habari kwa waya, ilikamilika kuvuka bara zima, kutoka Darwin hadi Port Augusta, kilomita zinazokaribia 3,200 za nguzo na waya, na mojawapo ya vituo vyake vya kupokezana habari kilijengwa hapa. Majengo yake ya mawe bado yamesimama kaskazini mwa mji. Katika miaka ya 1930 dhahabu ikapatikana, na wachimbaji wakamiminika katika zile zinazotajwa kuwa mbio za mwisho za dhahabu nchini Australia. Wenyeji hupenda kusimulia habari za mgodi wa Nobles Nob, ulioanzishwa na marafiki wawili, mmoja akiwa na jicho moja na mwenziwe akiwa kipofu kabisa, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa migodi tajiri ya nchi. Pia watakuambia kwamba mji uko kilomita kadhaa kusini mwa kijito chake kwa sababu gari la bia liliharibika hapo, na wachimbaji wakaona ni rahisi zaidi kuhamia kwenye bia. Hilo la pili ni la baa, lichukueni hivyohivyo. Katika kilima cha Battery Hill mnaweza kuingia chini ya ardhi na kuona mtambo wa serikali uliokuwa ukiponda mawe ya dhahabu. Mwenzangu wa Geita au Kahama atajiona yuko nyumbani.

Kaskazini mwa mji kuna pia Kunjarra, ambako watu wengi huita The Pebbles, mkusanyiko wa mawe ya graniti yaliyo madogo kuliko ya Karlu Karlu. Ni mahali patakatifu pa wanawake. Wageni wanaruhusiwa kufika kwenye eneo lililotengwa, nami ninapapenda zaidi saa ya machweo, kwa kuwa wageni huwa wachache. Sehemu ya mwisho ya njia ni ya vumbi, hivyo ulizeni hali yake mjini kama mvua imenyesha.

#7 Mchangiaji, Nairobi

Tunapanga kwenda na watoto wawili, mmoja wa darasa la pili. Tungeomba ushauri kuhusu mwezi unaofaa, gari, maji, na kama kuna usafiri wa umma. Je, ni lazima tuwe na gari la magurudumu manne yenye nguvu?

#8 Mwanzisha uzi

Mwezi unaofaa ni kuanzia Mei hadi Agosti. Huo ndio wakati wao wa baridi, na mchana wa Julai hufikia nyuzi 25 hivi, hali ambayo watoto wa Nairobi wataiona ya kawaida. Usiku wa nyikani lakini hushuka sana, kwa hiyo bebeni masweta na blanketi za kweli. Kuanzia Oktoba hadi Machi joto hukaribia au kuvuka nyuzi 40, mvua za radi zinaweza kufunga njia za vumbi, na graniti huhifadhi joto hilo hadi usiku. Kwa familia yenye mtoto wa darasa la pili, msijaribu.

Gari dogo la kawaida linatosha kwa Karlu Karlu, kwa kuwa lami inafika hadi hapo. Mtaendesha upande wa kushoto kama nyumbani, na kasi inayoruhusiwa kwenye sehemu nyingi za Stuart Highway ni kilomita 130 kwa saa. Cha kuogopa ni vitu viwili. Kwanza ni malori yenye matela matatu au zaidi, ambayo urefu wake unaweza kufika mita 53.5, msiyapite mpaka muone barabara tupu mbele kwa umbali mrefu sana, na yanapowapita shikeni usukani kwa nguvu, kwani upepo wake huyumbisha gari. Pili ni kangaruu na ng'ombe, ambao hutoka barabarani jioni na alfajiri. Pangeni safari ili muwe mmeshaegesha kabla jua halijazama. Makampuni mengi ya kukodisha magari hayalipi bima ya ajali za wanyama zinazotokea usiku nje ya miji, basi soma mkataba wako hadi mwisho.

Mafuta jazeni Tennant Creek au Alice Springs, kisha ongezeni njiani kila mnapopata nafasi, hata kama bei inauma. Kituo kilicho karibu zaidi na mawe ni Wauchope, kilomita 9 kusini, penye hoteli ndogo na chakula cha moto. Mabasi ya masafa marefu hupita Tennant Creek, lakini hayatawasubiri kwenye mawe, na kati ya mji na hifadhi hakuna usafiri wa umma.

Wageni wasio wakazi wa Northern Territory hulipia kibali cha kuingia katika hifadhi, utaratibu ulioanza mwaka 2023, na nafasi ya kambi hulipiwa peke yake. Vyote viwili hukatwa mtandaoni kabla ya kuondoka mjini, kwa maana mtandao wa simu nyikani si wa kutegemea, na katika miezi ya Juni na Julai nafasi hujaa mapema. Kambini kuna vyoo vya shimo na sehemu za kuwashia moto, lakini maji ya kunywa hakuna. Bebeni ya siku nzima kwa kila mtu, na dumu moja la ziada libaki ndani ya gari bila kuguswa. Watoto wavae kofia zenye vyandarua vya uso, si kwa ajili ya mbu bali nzi, ambao ni wengi kupita kiasi na hufuata macho na pua. Kofia hizo zinauzwa Tennant Creek na Alice Springs.

Mwenye swali kuhusu viza aniulize hapahapa chini, ili na wengine wasome majibu.